Arobaini Sifuri, Mmoja Nne

Kila Jumanne saa nne asubuhi simu yangu ililia, na Jumanne za mwanzo nilidanganya.

"Bi Noeline, ni Tiarne hapa, wa ule utafiti. Sifuri ni hakuna maumivu kabisa, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Leo ngozi ya titi lako inauma kiasi gani?"

"Siwezi kulalamika, mwanangu."

"Niandike sifuri?"

"Andika."

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kuhesabu mpaka kumi naweza. Shida haikuwa hesabu. Huku Minyara, mji wetu wa ngano na kondoo, mtu akikuuliza hali, majibu ni mawili tu: siwezi kulalamika, na siyo mbaya. Marehemu mume wangu Clarrie aliwahi kulala chini ya trekta, lile gurudumu kubwa limemkalia paja. Jirani akapita na gari, akapunguza mwendo, akauliza, "Vipi, Clarrie?" Clarrie akamjibu, "Siyo mbaya, na wewe?" Jirani akaenda zake. Alirudi baada ya robo saa kwa sababu alikuwa amesahau kuuliza habari za mvua, ndipo akaliona paja.

Sasa watu kama hawa unawapigia simu na kuwauliza sifuri mpaka kumi. Lakini niende taratibu.

Mimi na rafiki yangu Valda Kitto tulipatikana na saratani ya titi mwezi mmoja, mimi kushoto, yeye kulia. Tulimwambia daktari wa upasuaji kwamba akituunganisha anapata mwanamke mmoja mzima. Hakucheka. Baada ya kutolewa uvimbe, kila mtu lazima apigwe mionzi, na mashine ya mionzi iko kwenye ile hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu kwa gari kama hukukutana na malori ya ngano. Kawaida ni wiki tatu. Unakaa kwenye nyumba ya wagonjwa, kila siku unalala kwenye kile kitanda kigumu dakika kumi, halafu siku nzima unaangalia ukuta.

Utafiti ulikuwa wa Thuy Lam. Ni daktari, lakini huku hatuna mambo ya kuitana madaktari, anaitwa Thuy basi. Mama yake na baba yake walikuwa na duka la mikate mji wa tatu kutoka kwetu, na pai za nyama za mama yake tumezila miaka ishirini. Kwa hiyo Thuy alikulia kwetu, siyo mgeni, na ndiyo maana namlaumu.

Alituketisha akatueleza: "Nusu yenu mtapata wiki tatu kama zamani. Nusu mtapata siku tano tu, lakini kila siku dozi kubwa zaidi. Nataka kujua kitu kimoja: hizo siku tano zinaumiza zaidi, au haziumizi zaidi? Nikipata jibu la kweli, nitazidai kwa kila mwanamke wa mashambani aliyepita miaka sabini."

Valda akainua mkono kama yuko shuleni. "Mimi nataka siku tano."

"Huchagui wewe, Bi Valda. Inachagua kompyuta."

"Basi iambie kompyuta kwamba nina kondoo."

Kompyuta ikatupa siku tano sote wawili. Valda alifurahi mpaka akanunua aiskrimu, na Valda hanunui aiskrimu. Nilijua ni kwa sababu ya Enid, dada yake. Miaka mitatu nyuma Enid aliambiwa aende wiki tatu. Ilikuwa mavuno. Akasema ngojeni kwanza ngano iingie. Ngano ilipoingia, kukawa na kondoo wa kukatwa manyoya. Baada ya kondoo akaumia mgongo mume wake. Sasa Enid yuko kwenye makaburi nyuma ya maghala ya nafaka, na Valda kila akipita pale anazima redio ya gari.

"Wangempa siku tano angekwenda," alikuwa akisema. "Siku tano mtu anaziiba. Wiki tatu huwezi kuiba."

Tukaenda, tukapigwa. Kitu chenyewe hakiumi. Unalala chali, mikono juu kama umekamatwa na polisi, mafundi wanakupanga kwa zile nukta walizokuchora kifuani, wanakimbia nje, na lile limashine linakuzunguka linanguruma kidogo. Tabu ilikuwa kwa Valda. Valda ana matiti. Akilala chali yanakwenda kila moja upande wake, kama mbwa wawili walioambiwa wakazunguke kundi la kondoo. Mafundi wakalivuta lile la kulia kwa utepe, likakaa. Wakitoka chumbani linateleza tena, linajikunja chini. Siku ya tatu akamwambia fundi, "Usihangaike nalo, kipenzi. Marehemu mume wangu alihangaika miaka arobaini."

Siku ya tano tukagongewa kengele ya kumaliza matibabu, tukarudi nyumbani. Kwa sababu tunakaa mbali, Thuy hakututaka twende tena hospitali kila wiki. Atapiga Tiarne, Jumanne, wiki sita.

Wiki ya kwanza titi langu likawa jekundu kama nimeshinda juani kwenye uwanja wa tenisi bila kofia. Likawasha, likavimba, usiku nikalala upande mmoja. Ningekuwa mkweli ningesema sita. Nikasema siwezi kulalamika. Ilinitoka tu, kama chafya.

Siku ya kumi na mbili nikaenda kwa Valda kumrudishia bati lake la keki. Ilikuwa katikati ya mavuno, watoto wake wote shambani, mashine ya kuvunia inavuma upande wa pili wa uzio. Nikabisha mlango wa nyuma, hakuna aliyejibu, nikaingia. Nikamkuta kwenye chumba cha kufulia, blauzi wazi, anabandua kitambaa cha kukaushia vyombo kutoka chini ya titi la kulia. Kilikuwa kimenata. Alikuwa anakibandua taratibu, ameng'ata mdomo.

"Valda!"

"Bisha hodi, wewe mwanamke!"

"Nimebisha. Hiyo nini?"

"Joto."

"Joto gani linachuna ngozi?"

Pale kwenye mkunjo, urefu wa kiganja changu, ngozi ilikuwa imetoka yote. Nyekundu, mbichi, inatoa maji. Akaifunga blauzi haraka kama nimemfumania na mwanamume.

"Siyo mbaya," akasema.

"Jumanne ulimwambia Tiarne ngapi?"

"Sifuri."

"Valda, una wazimu?"

"Na wewe ulimwambia ngapi?"

Nikaliangalia bati la keki. Akaniangalia tu, anajua.

Halafu akafunga mlango, ingawa hakukuwa na mtu mwingine zaidi ya mbwa. "Nisikilize, Noeline. Wakijua hii, wataufuta utafiti. Watasema siku tano zinaunguza wanawake, watarudi kwenye wiki tatu zao. Na sasa hivi tunavyoongea kuna Enid mwingine mahali fulani, anasema ngoja kwanza ngano iingie. Mimi ngozi itaota. Niapie hutamwambia Thuy."

"Ukioza je?"

"Siozi. Niapie."

Nikaapa. Nilikuwa nimechanganyikiwa mpaka nikaondoka na lile bati la keki, nikafika nalo nyumbani likiwa kwenye kiti cha mbele kama abiria.

Nikakaa siku nne na kiapo changu, sipati hata hamu ya chai. Usiku naona kile kitambaa. Halafu Jumanne asubuhi akili ikanijia: nimeapa kutomwambia Thuy. Tiarne siyo Thuy.

Simu ilipolia nikaidaka mlio wa kwanza.

"Tiarne, andika hivi. Valda Kitto, titi la kulia, ngozi imetoka."

"Bi Noeline, samahani, siruhusiwi kuandika habari za mshiriki mwingine. Ni faragha."

"Faragha gani, nimeliona kwa macho yangu!"

"Naweza kukuuliza titi lako tu."

"Muulize yeye la kwake basi!"

"Nimeshamuuliza, nimempigia kabla yako. Siwezi kukwambia amejibu nini."

"Amejibu sifuri."

"Siwezi kukwambia."

"Haya. Langu ni nne."

"Nne? Lakini wiki iliyopita ulikuwa sifuri."

"Wiki iliyopita nilidanganya. Ilikuwa sita."

Nikasikia akibofya, akibofya. "Hakuna kisanduku cha hilo."

"Kisanduku cha nini?"

"Cha kudanganya. Nikiandika nne, itaonekana umepanda kutoka sifuri kwenda nne, kwamba unazidi kuumwa."

"Sizidi! Nimeshuka kutoka sita!"

"Kompyuta hainiruhusu kurudi wiki iliyopita, Bi Noeline."

Nikamwomba Mungu anisamehe, kisha nikamwambia Tiarne mahali pa kuipeleka kompyuta yake. Masikini, ni binti mpole, akasema ataliandika hilo kwenye sehemu ya maoni.

Nikapiga simu hospitali. Muziki wa kungojeshwa. Nikapiga namba nyingine. Muziki ule ule. Namba ya tatu akapokea mtu, akaniambia nikiwa na dalili kali nipige simu ya dharura. Nikamwambia dalili siyo zangu. Akaniambia basi mwenye dalili apige mwenyewe. Nikamwambia mwenye dalili ni Valda Kitto, hata akichomwa mkuki atauliza kama mkuki umeumia. Akanirudisha kwenye muziki.

Alhamisi mchana gari jeupe likaingia uani kwangu. Akashuka Thuy, viatu vya kukimbilia, begi begani, uso umekunjamana. Nikadhani Mungu amesikia. Kumbe Mungu alisikia nusu.

"Nina wanawake arobaini na mmoja wa siku tano," alisema kabla hata ya kukaa. "Arobaini ni sifuri, kila wiki. Mmoja ni nne. Nimeendesha saa tatu kuja kumwona huyo mmoja."

Nikatamani kucheka na kulia. Ameendesha saa tatu kuja kuangalia titi lisilohusika.

Akaniangalia vizuri, akabonyeza, akapiga picha. "Hii ni kawaida. Inapona."

"Najua inapona!"

Akakaa mezani, nikamwekea chai na kipande cha keki. Hakula. "Bi Noeline, mimi nimekulia huku. Baba yangu alikatwa ncha ya kidole na mashine ya mkate, akamwambia mteja siyo mbaya, akamfungia mkate wake kwanza. Alijifunza kwenu hayo. Najua wananidanganya. Hata mtu ambaye hajapigwa mionzi hapati sifuri wiki sita. Lakini siwezi kuandika kwenye ripoti 'najua wananidanganya'. Lazima niandike walichosema."

"Kwa hiyo utaandika kwamba siku tano haziumi kabisa."

"Na wenzangu mjini watacheka. Watasema utafiti mbovu, tupa. Sifuri nyingi hivi ni mbaya kuliko kumi."

Mimi hapo nikashika kikombe kwa mikono miwili. Valda anaificha ngozi yake ili autunze utafiti, na kumbe kuificha ndiko kunakouua. Na mimi nimeapa.

"Swali lenu ndilo baya," nikasema. "Mtu wa huku usimuulize habari zake. Muulize habari za jirani, utapata mpaka usizozitaka."

"Kubadilisha swali moja lazima niiombe kamati ya maadili."

"Iombe."

"Miezi minne."

"Miezi minne kwa swali!"

"Wakifanya haraka."

Akaegemea, akafumba macho. Nikamwonea huruma, nikamkasirikia, vyote pamoja. Nikasimama, nikachukua funguo za gari.

"Umewahi kuona kondoo aliyeliwa na funza?"

"Bi Noeline, sina muda wa kondoo."

"Kilomita tisa tu. Utamaliza keki njiani."

Msimu ule inzi walikuwa wengi, na nilijua hakuna siku Valda hana kondoo mgonjwa ndani ya boma. Tukamkuta amembana jike mmoja kwenye kona ya uzio, mkasi mkononi, anamkata manyoya karibu na mkia. Alipomwona Thuy akaniangalia kwa jicho ambalo kama ni mionzi lingenimaliza kwa siku moja.

"Nimemleta aone funza," nikasema. "Mjini hawana. Mweleze, Valda."

Valda ukimuuliza kondoo hawezi kukaa kimya. Ni ugonjwa wake mwingine. Akajaribu kununa, akashindwa.

"Ona hapa," akamwambia Thuy. "Inzi anataga penye unyevu, penye mkunjo. Funza wanakula ngozi. Ukiona nje manyoya yamelowa hivi, ujue ndani ngozi imeshatoka. Wajinga wanasema ngoja kesho. Kesho amekufa. Ngozi ikitoka na kuanza kutoa maji huwezi kungoja."

"Unajuaje kama anaumwa?" Thuy akauliza, kwa adabu tu. "Kondoo hasemi."

"Hasemi, lakini angalia anavyosimama. Ameegemea upande mmoja. Hataki kitu kigusane na kitu."

"Sifuri mpaka kumi?" nikadakia mimi.

"Huyu? Nane. Labda tisa."

Thuy akaacha kumwangalia kondoo. Valda alikuwa amesimama pale na kiwiko cha kulia kimekaa mbali na mwili, ameegemea kushoto, na chini ya titi shati lake la kazi lilikuwa na doa la maji la ukubwa wa sahani.

Sikusema neno. Wala sikukohoa, ingawa koo liliniwasha.

"Bi Valda," Thuy akasema polepole, "na wewe unasimama hivyo kwa nini?"

Valda akaweka mkasi juu ya nguzo. Hakumjibu Thuy, alinigeukia mimi. "Uliapa."

"Nimemwambia nini? Nimemleta kwenye kondoo."

"Nyoka wewe."

"Ndiyo."

Tukaingia jikoni. Thuy akanawa mikono, akainua lile titi kwa vidole viwili, akatazama muda mrefu. Nilitegemea aseme neno la kidaktari. Alisema neno ambalo mama yake dukani angelisikia angempiga kwa mkate mrefu.

"Kosa siyo la zile siku tano," alisema baadaye, anaosha kidonda. "Angalia, ni hapa tu, kwenye mkunjo. Kwingine kote ngozi yako ni kama ya Bi Noeline. Titi lilijikunja, ngozi ikalala juu ya ngozi, mionzi ikaunguza zaidi hapo. Tungekulaza kiubavu, au tungelinyanyua kwa sidiria maalumu, isingetokea. Ni kitu kidogo. Ningekirekebisha wiki ya kwanza kama mtu mmoja angeniambia." Akasimama. "Nina wengine kumi wenye umbo kama lako. Wote sifuri. Na waliokuja baada yako niliendelea kuwalaza chali vile vile, kwa sababu ya sifuri yako."

Valda akapauka. Hilo hakulijua. Mimi pia sikulijua.

"Utaufuta?" akauliza.

"Lazima niripoti leo. Watausimamisha kwanza, wauangalie."

"Nilijua."

"Ni kwa muda tu, Bi Valda."

"Enid naye alisema ni kwa muda tu," Valda akasema, akafunga vifungo vya shati, akatoka akamalizie kazi ya kondoo wake. Hakuniaga.

Wakausimamisha. Barua ikaja, nzuri, ina nembo: kwa sasa washiriki wapya wote watapata wiki tatu. Jumanne simu haikulia, nikajikuta nimekaa karibu nayo kama mjinga. Muuguzi wa zahanati yetu akawa anakwenda kwa Valda kila baada ya siku moja kubadilisha bandeji. Valda mwenyewe nilimwona posta mara moja. Akavuka barabara, na upande ule wa barabara hakuna duka lolote.

Thuy akanipigia. Waliwapigia wale kumi, na safari hii wakawauliza wanasimamaje, wanavaa nini, wanalala upande gani. Sita walikuwa na vidonda. Kamati imekubali sidiria na kulaza kiubavu, hilo haraka. Kuhusu lini siku tano zitarudi, bado wanakaa vikao.

"Na swali la jirani?" nikamuuliza.

"Miezi minne."

"Thuy, mwanangu, wakati huo nusu yetu hatutakuwa na jirani."

"Najua," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka hata sikuweza kumtania tena.

Mavuno yakaisha, mashine zikanyamaza. Kuna mwanamke wa mji wa jirani, simjui, nimeambiwa tu kwamba alipewa wiki tatu akasema ataangalia kwanza mambo ya shamba. Habari hiyo nimekaa nayo peke yangu. Wa kumwambia alikuwa Valda.

Jumanne ya tatu bila Tiarne, saa nne, simu ikalia.

"Tiarne?"

"Tiarne gani? Bati langu la keki unalo."

"Ninalo. Hali?"

Nikasikia mbwa wake, nikasikia mlango wa waya ukijifunga. Nikangoja lile jibu. Nilikuwa nimeshajiandaa kulichukia.

"Tano," akasema Valda. "Jumamosi ilikuwa saba."

"Mimi mbili."

"Sikukuuliza," akasema, akakata simu.